Siku nne Berlin kwa mara ya kwanza: futa nusu ya hiyo orodha

Dada, nimeisoma orodha yako mara mbili. Umesema ni safari yenu ya kwanza Ulaya, wewe na mume wako. Mnafika Berlin Alhamisi mchana mwishoni mwa Mei, mnaondoka Jumatatu jioni, viza mmeshapata. Halafu umetaja vitu kumi na tisa vya kuona, Potsdam na Prague humohumo, ukauliza: inawezekana? Tufikie wapi? Na ile kadi ya watalii tununue?

Prague futa sasa hivi. Kwa treni ni zaidi ya saa nne kwenda tu, mtaishia kuona stesheni. Potsdam ni karibu na kuzuri, ila inakula siku nzima ya watu wenye siku tatu na ushee. Iacheni kwa safari nyingine.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikwenda na orodha kama yako mwaka 2022. Nilikuwa Ujerumani kwa kozi ya kazini, nikajibania siku nne za Berlin kabla ya kurudi Dar. Nilivipanga vitu kwa umaarufu: kinachojulikana zaidi kwanza. Matokeo yake asubuhi niko mashariki, mchana magharibi, jioni narudi kulekule nilikotoka asubuhi. Berlin haina Posta moja ambayo ukishuka hapo mji wote uko miguuni. Ukuta wa Berlin, uliogawa mji mashariki na magharibi, ulisimama kuanzia Agosti 1961 hadi Novemba 1989, na miaka yote hiyo kila upande ulikuwa na katikati yake: magharibi kule Zoologischer Garten, mashariki Alexanderplatz. Ndiyo maana vivutio vimetawanyika. Panga kwa eneo: siku moja, upande mmoja wa mji, mengine kwa miguu.

Kosa langu kubwa zaidi nitalieleza chini, linahusu Jumatatu.

Kwanza mambo ya kufika. Mpakani siku hizi wanachukua alama za vidole na picha, kwa hiyo msiwe na haraka. Uwanja wa ndege uko kanda C, mji wenyewe ni kanda A na B. Tiketi ya kutoka uwanjani lazima iwe ABC, ukiwa mjini AB inatosha. Na tiketi ya karatasi ukiitoa kwenye mashine ya stesheni bado haijaanza kazi mpaka uigonge kwenye kile kiboksi kidogo kilichosimama jukwaani. Hakuna geti, hakuna kondakta anayeita nauli, unaingia tu, ndipo mtego ulipo. Mwenzangu wa kozi alikuwa na tiketi halali mfukoni, hajaigonga. Vijana wawili waliovaa jinzi kama abiria wengine wakatoa vitambulisho vya ukaguzi, akalipa faini ya euro 60. Alijieleza sana, kwa Kiingereza kizuri tu. Hawakupokea maelezo, wakamwandikia risiti.

Kadi ya watalii: pigeni hesabu kwanza. Inalipa kwa anayeingia sehemu nyingi za kulipia, na Berlin vitu vizito vingi ni bure. Mimi nilipokwenda mara ya pili niliishi kwa tiketi ya saa 24, nikainunua upya kila siku niliyoihitaji. Siku moja sikuihitaji kabisa.

Malazi: angalia umbali wa hoteli hadi stesheni ya S-Bahn au U-Bahn, yaani treni za mjini za juu na za chini ya ardhi, mtaa usikuumize kichwa. Alexanderplatz ni rahisi kwa usafiri lakini kuna kelele. Mitaa ya Wedding na Neukölln bei huwa nafuu na vyakula vya Waturuki na Waarabu viko kila kona. Uliza kama bei imejumuisha kodi ya jiji, maana tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya chumba na wengine hukuongezea mwishoni.

Alhamisi mkishaoga, msilale. Nendeni Zoologischer Garten mpande basi namba 100. Ni basi la kawaida la wenyeji, tiketi ileile, lakini linapita mnara wa Siegessäule, Bunge na Kisiwa cha Makumbusho, linamalizia Alexanderplatz. Kaeni ghorofa ya juu, mbele kabisa. Mtakuwa mmeuona mkanda wa katikati yote bila kutembea, na usingizi wa safari hautawaonea sana.

Ijumaa iwe ya hapo katikati. Lango la Brandenburg utalipiga picha kwa dakika kumi, halafu tembea kidogo kusini hadi kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa: nguzo za zege 2,711, kila moja na kimo chake. Kwa nje zinaonekana fupi. Ukiingia kati, ardhi inashuka na zege linakupita kichwa, sauti za barabarani zinapungua. Msikalie zile nguzo kupiga picha za mapozi, watu wanawaangalia.

Kutoka hapo shuka Wilhelmstraße mpaka namba 92. Hutakuta jengo la kuona, kuna kibao tu na majengo ya kawaida ya makazi. Hapo ndipo palikuwa nyumba ya Bismarck, kiongozi wa serikali ya Ujerumani enzi hizo, na ndipo wakubwa wa Ulaya walipokaa tangu Novemba 1884 hadi Februari 1885 kujadili Bara letu. Nilisimama pale kama robo saa, watalii wanapita hawageuki. Sisi tuliomeza Mkutano wa Berlin kwa ajili ya mtihani wa kidato cha pili tunatakiwa kugeuka. Mbele kidogo kuna Topographie des Terrors, penye makao ya zamani ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Bure, na kipande cha Ukuta kimesimama nje. Checkpoint Charlie, kivuko cha zamani cha mpakani enzi za Ukuta, iko karibu, angalieni mkipita. Kile kibanda ni cha kuigiza na soda ni ghali.

Jioni hiyo pandeni kuba la kioo la Bunge. Ni bure, ila lazima mjiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge lao kwa majina na tarehe za kuzaliwa, na mlangoni mwonyeshe pasi. Mwishoni mwa Mei jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo ombeni nafasi ya saa mbili na nusu hivi. Hii fanyeni leo, nafasi za jioni zinakwisha.

Sasa Jumamosi, na hapa nitakaa kidogo.

Mimi ni mtu wa Lindi. Tangu utotoni tulisikia habari za wazee waliobeba mifupa ya mnyama mkubwa kichwani, kutoka Tendaguru hadi bandarini. Mifupa ile iko Berlin, Museum für Naturkunde, mtaa wa Invalidenstraße. Niliiweka siku yangu ya mwisho kamili, Jumatatu, nikiitunza kama nyama ya mwisho kwenye sahani. Nikafika, mlango umefungwa. Jumatatu hawafungui, na makumbusho mengi ya mji ule ni hivyohivyo. Ndege yangu ilikuwa Jumanne alasiri. Jumanne asubuhi nikaacha begi stesheni kuu, nikaenda kwa miguu mbiombio, nikawa wa kwanza mlangoni saa tatu na nusu. Nilipata dakika arobaini.

Ukiingia tu ukumbini yuko mbele yako. Dinosauri Giraffatitan, kimo mita 13.27, shingo imepanda hadi karibu na paa la kioo. Walichimba kuanzia 1909 hadi 1913, yaani vita ya Maji Maji imeisha juzi tu na njaa yake bado iko vijijini. Mifupa ikabebwa kwa miguu siku kadhaa hadi Lindi, ikapakiwa melini. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosauri mwingine wa Tendaguru jina lake, Australodocus bohetii. Kando yangu mtoto wa Kijerumani alikuwa akimwambia mama yake jina la kila mfupa. Mimi nilikuwa natafuta neno Lindi kwenye vibao, nikaliona, nikalipiga picha kabla ya kumpiga mnyama. Mabishano ya irudi isirudi yana uzi wake, siyaanzishi hapa. Lakini Mtanzania kufika Berlin akaikosa sehemu hii kwa sababu ya foleni ya mnara wa televisheni, nitasikitika.

Mkitoka, fuateni Invalidenstraße kuelekea mashariki hadi stesheni ya Nordbahnhof. Enzi za Ukuta treni za magharibi zilipita chini hapo bila kusimama, na ndani kuna maonyesho ya zile stesheni za gizani. Ukivuka barabara unaanza Bernauer Straße, na kwangu huu ndio Ukuta wa kuona. East Side Gallery ina michoro mizuri kwenye kilomita 1.3 za ukuta, lakini hapa ndipo utaelewa: kuna mnara wa bure wa kupanda, ukitazama chini unaona ukuta, uwanja mtupu wa mchanga, taa, halafu ukuta mwingine. Hapo ndipo watu walipokuwa wakiruka kutoka madirishani kukimbilia magharibi.

Endeleeni hadi Brunnenstraße, mkate kulia na kuteremka karibu na Rosenthaler Platz, namba 193. Tazameni chini. Kuna kijiwe cha shaba cha sentimita kumi chenye jina la Bayume Mohamed Husen. Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904, mtoto wa askari, naye akapigana Vita ya Kwanza ya Dunia upande wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Alikuja Berlin 1929 akidai mishahara ya uaskari, yake na ya baba yake, akafanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaonekana kwenye filamu. Gestapo walimkamata 1941 kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen Novemba 1944. Nilimsomea Fatiha pale pale, watu wakinipisha na baiskeli zao.

Siku nzima hiyo ni mguu mtupu. Ndiyo ile niliyosema sikununua tiketi, kwenye safari yangu ya pili.

Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo maji na matunda nunueni Jumamosi. Makumbusho yako wazi: chagueni moja tu pale Kisiwani. Ningechagua Neues Museum kwa ajili ya sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, chumba chake hawaruhusu picha. Pergamon msihangaike, imefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023. Mchana nendeni Kreuzberg mkale. Ile soseji yao ya currywurst kwa kawaida ni ya nguruwe, ulizeni kabla. Kwa Waturuki mtakula kwa amani.

Jumatatu mabegi yakae stesheni kuu, nanyi mkatembee Tempelhofer Feld, uwanja wa ndege uliofungwa 2008 ukageuzwa bustani. Mnatembea kwenye njia ya kurukia ndege, upepo unawapiga, watoto wanarusha tiara. Msikiti wa Şehitlik uko pembeni yake, mkitaka kuswali adhuhuri. Kisha mchukue mabegi, treni hadi uwanjani ni kama nusu saa, tiketi ABC, na muigonge. Zile chupa za plastiki mlizokusanya zirudisheni kwenye mashine ya dukani kabla ya kuondoka, ni senti 25 kila moja. Mimi nilitupa kumi na moja ndipo nikaambiwa.