Ulikuwa Juu Sekondari, Chuo Kinakutaka Chini

Kila mwaka, majira ya baridi yakielekea ukingoni, mabinti wa kwetu walioko huku Marekani huanza kuniuliza swali lile lile: "Dada, miaka yote ya sekondari nilikuwa flaya kwenye timu ya washangiliaji (cheerleading). Kocha wa chuo ameiona video yangu, anasema nijaribu beisi. Nikubali, au nitafute timu nyingine?" Huwa nawaambia wakubali. Ila wasikubali shingo upande, na wasingoje siku ya mchujo ndiyo waanze kujifunza kazi ya chini.

Mzazi anayesoma hapa na hajui binti yake anazungumzia nini, nimweleze kidogo. Washangiliaji wa chuo huimba na kupiga makofi pembeni mwa uwanja, ndiyo, lakini kazi yao kubwa ni stanti, yaani kumpandisha mtu hewani na kumshusha salama. Stanti ya kawaida ina watu wanne. Flaya ndiye anayepanda. Mabeisi wawili husimama wakitazamana chini yake na kuzishika nyayo zake. Beki hukaa nyuma, ameshika vifundo vya miguu ya flaya, tayari kudaka mabega na kichwa mambo yakiharibika. Iko pia stanti ya watu wawili, mwanamume chini na msichana juu, ambayo utaikuta sana vyuoni kuliko sekondari.

Mimi nimekulia Lexington, Kentucky, mji ambao Wakongomani tumejaa kiasi kwamba unaweza kusimama kwenye foleni ya Walmart ukasikia Kiswahili cha Uvira mbele na cha Bukavu nyuma. Mji huo huo una University of Kentucky, chuo chenye mataji mengi kuliko vyote katika daraja la juu la mashindano ya UCA (Universal Cheerleaders Association, chama cha washangiliaji), yanayofanyika Orlando kila Januari. Sikusoma hapo. Nilivuka mto Ohio nikaenda chuo kidogo, na huko ndiko nilikoingia nikiwa flaya nikatoka nikiwa beisi, katikati nikaonja na ubeki.

Kwa nini makocha hubadili watu? Fanya hesabu. Timu ya watu ishirini ikigawanywa kwa wanne wanne inahitaji maflaya watano. Watatu au wanne kati ya hao walikuwepo mwaka jana na wanarudi. Halafu wanaokuja kwenye mchujo nusu yao walikuwa maflaya huko walikotoka, kwa sababu shule nyingi humpandisha msichana mdogo kuliko wote, na kila shule inaye mmoja wa namna hiyo. Hapo hata kipaji hakijaingia kwenye mazungumzo. Kuna pia wale waliolelewa kwenye jimu za mashindano tangu wakiwa watoto wadogo, ambao wakipanda wanazungushwa hewani kabla mguu haujatulia. Kushindana nao kwa nafasi moja wakati timu ina upungufu wa mabeisi ni kujitafutia kazi.

Halafu mwili. Uliyebebwa ukiwa na miaka kumi na minne si wewe wa kumi na minane. Umeongezeka kimo, nyonga zimekaa, misuli imekuja. Nimeona mabinti wakiruka milo ili wabaki juu, na hili nalisema bila kuzungusha: hakuna nafasi katika timu yoyote inayostahili njaa yako. Flaya mwenye njaa hutetemeka magoti, na goti likitetemeka juu ya mikono ya watu, wote wanne wamo hatarini. Kocha anayekuambia upunguze kilo ili akupandishe, badala ya kukuonyesha nafasi ambayo mwili wako unaifaa leo, mwache na timu yake.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo flaya wa zamani anapopata taabu na ndipo pia anapowazidi wengine.

Ubeisi unaanzia miguuni. Watu huona mikono iliyonyooka juu wakadhani ni kazi ya mabega. Simama miguu ikiwa imeachana kupita upana wa mabega kidogo, mgongo wima, viganja mbele ya kiuno vikitazama juu. Flaya anaweka mikono kwenye mabega yenu, anaruka, nyayo zake zinatua viganjani mwenu. Mnashuka pamoja kwa magoti, mnapanda pamoja kwa mapaja, na mikono inamalizia tu. Mama yangu, ambaye utotoni alikuwa akichota maji ziwani Tanganyika, alinielewa kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Alisema, "Si unajitwika ndoo tu?" Ndivyo hasa. Hakuna anayejitwika ndoo kwa kuinama mgongo na kuivuta kwa mikono. Unachuchumaa, inafika kifuani, miguu inakusimamisha, ndipo inakwenda kichwani. Tofauti ni kwamba ndoo haiogopi.

Na huyo anayeogopa unamjua. Hiyo ndiyo faida yako. Beisi ambaye hajawahi kupanda hajui kwamba flaya husikia kila kidole kinachojipanga upya chini ya unyayo wake. Wewe unajua. Unajua mshiko unaobadilishwa katikati ya safari humfanya aangalie chini, na akiangalia chini uzito wake unakuja mbele. Kwa hiyo shika mara moja, shika vizuri, kisha tulia. Kwenye stanti ya mguu mmoja beisi mkuu huwa chini kabisa ya mguu ule, mkono mmoja kisiginoni, mwingine upande wa vidole. Beisi wa pili anasaidia unyayo katikati, au anashika kifundo cha mkono cha mwenzake. Anayeamua usawa wa unyayo ni mkuu. Vidole vikizama flaya anaanguka mbele, kisigino kikizama anaanguka nyuma. Ukiwa juu ulikuwa ukilalamika, "Sina kisigino!" Sasa kisigino ni chako wewe.

Kuna tabia mbili za uflaya za kuziacha. Ya kwanza ni macho. Flaya hufundishwa kutazama mbali mbele yake; beisi hutazama juu, kwa flaya, tangu anapoondoka hadi anaporudi. Sehemu ya kuangalia ni nyonga zake, kwa sababu nyonga huhama kabla ya miguu. Ya pili ni ngumu zaidi: kusogea. Mwili wa binadamu ukiona kitu kinaanguka hurudi nyuma, na aliyezoea kudakwa hurudi nyuma haraka zaidi. Beisi huingia chini yake. Sheria ya chumba chochote cha mazoezi chenye adabu ni kwamba flaya hafiki sakafuni, na sheria hiyo hulipwa kwa pua, midomo na mbavu za walio chini. Utakula kiwiko. Kucha zako zitakatwa fupi na hutazimiliki tena hadi ukimaliza chuo.

Nguvu hazitakuja kwa kufanya stanti peke yake. Miezi kabla ya mchujo ingia jimu: skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, ukiwa umebeba chuma mbele ya kifua, kusukuma chuma juu kwa kuanzia miguuni, na kutembea huku umeshika uzito juu ya kichwa mikono imenyooka. Hilo la mwisho watu hulidharau, na ndilo linalofanana na mchezo wenyewe kuliko yote. Kwa kuwa viganja hukunjwa nyuma vikibeba, vifundo vya mikono vitauma wiki za mwanzo. Jifunze kuvifunga kwa bendeji na uongee na mtaalamu wa tiba ya wanamichezo wa chuo kabla maumivu hayajawa ya kudumu. Mgongo wa chini ukiuma ujue magoti hayafanyi kazi.

Ubeki nitaupitia haraka. Unamfaa mrefu mwenye sauti. Beki ndiye anayehesabu, ndiye anayevuta vifundo vya miguu juu kupunguzia mabeisi uzito, na wakati wa kushuka ndiye anayempokea flaya kwapani huku mabeisi wakidaka mapaja na mgongo. Kama wewe ni flaya uliyerefuka ghafla, uliza nafasi hii kabla ya ubeisi. Ndiyo rahisi kuliko zote kuhamia, na mabeki wazuri hawapatikani ovyo.

Wapo watakaobaki juu, nao wasidhani hawajabadili nafasi. Uflaya wa kundi na uflaya wa stanti ya wawili ni kazi mbili mbalimbali. Kwenye kundi unapandishwa. Kwenye wawili unaruka. Mwenzako yuko nyuma yako, mikono yake kiunoni mwako, mikono yako imeshika vifundo vya mikono yake. Mnashuka pamoja, unaruka kama unayetaka kugusa dari, kisha unasukuma vifundo vyake chini ili ujiongezee kimo, na miguu yako inatua mikononi mwake kwenye usawa wa kifua. Usiporuka, yeye anakuwa amebeba gunia. Mabinti wenye mataji ya sekondari hukwama hapa kwa sababu walizoea kukaza mwili na kungoja.

Hapo kwenye mikono kiunoni ndipo simu kutoka nyumbani huanza. Baba yangu aliuliza kwa upole wa kutisha, "Na huyo kijana ni nani?" Kwa familia za kanisani kama yetu, na kwa za Kiislamu vilevile, jambo hili si dogo, na sipendi ushauri wa kuwaambia mabinti wawapuuze wazee. Wapeleke mazoezini wakaone jasho na makelele yalivyo. Mapenzi hayana nafasi pale. Wasiporidhika, vyuo vingi vina timu ya wasichana watupu, na UCA na NCA (National Cheerleaders Association, chama kingine cha washangiliaji) zote zina vitengo vya mashindano kwa ajili yao. Tena ukiwa beisi kwenye timu ya namna hiyo thamani yako inapanda, maana hakuna mwanamume wa kuegemea. Na wazee wakishangaa wanaume wanafanya nini kwenye ushangiliaji, waambie ndio walioanza: mwaka 1898 katika University of Minnesota aliyesimama mbele ya mashabiki kuwaongoza alikuwa mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell. Wanawake waliingia baadaye, miaka ya 1920.

Mama naye alikuwa na lake. Alikuja mechi ya kwanza, akapiga picha nyingi, zote za flaya. "Mbona wewe huonekani?" Jiandae kwa hilo. Bango la timu litakuwa na uso wa flaya, kalenda itakuwa na flaya, na shangazi yako wa Bujumbura atauliza kama umefukuzwa. Mimi iliniuma msimu wa kwanza. Wa pili nilikuwa nimeshaanza kuwaonea huruma maflaya, kwa sababu kocha akibadili flaya, stanti inaendelea. Beisi mkuu akiugua, kundi zima linakaa benchi.

Nywele pia, kwa kuwa hakuna atakayekuambia hadi uchelewe. Sheria zinataka nywele zisifunike uso na vito vyote vivuliwe, na shanga za kwenye misuko kocha atakuambia uzitoe. Ukiwa flaya, misuko mirefu iliyoachwa huwachapa mabeisi machoni wakati wa kudakwa. Ukiwa beisi, ifunge chini shingoni, si utosini, ili isiguse mikono ya mwenzako.

Jua pia kwamba hata anayebaki kwenye nafasi yake anajifunza upya, kwa sababu sheria za chuo ziko mbali na za sekondari. Piramidi ya sekondari inaishia kimo cha watu wawili. Ya chuo inaruhusiwa kufika wawili na nusu. Wakati huo huo, kwenye uwanja wa kikapu usio na magodoro, piramidi hiyo na stanti ile ya kumrusha flaya hewani kwa mikono iliyofumwa ni marufuku. Katazo hilo lilianza baada ya ajali ya Machi 2006, flaya wa chuo cha Southern Illinois alipoanguka kutoka kwenye piramidi mjini St. Louis. Akitolewa kwa machela shingo imefungwa, bendi ikapiga wimbo wa chuo, naye akaendelea kufanya miondoko ya mikono akiwa amelala. Marekani nzima ilimpigia makofi. Mimi kila nikiitazama video ile macho yangu huenda kwa waliokuwa chini.

Basi, hatua yenyewe ya kufanya. Vyuo vingi hufanya mchujo Aprili au Mei, na hufanya kila mwaka, hata kwa waliomo. Kabla ya hapo huwa na siku za mazoezi ya wazi kwa wageni. Nenda, na ukifika usijitambulishe kwa nafasi moja. Mwandikie kocha barua pepe fupi: jina, mwaka wa kuhitimu, kimo, nafasi uliyocheza, nafasi unayojifunza sasa, na sarakasi unazoweza peke yako. Muulize wazi, "Msimu ujao ni nafasi gani mnayokosa watu?" Wengi hujibu swali hilo kwa ukweli kwa sababu ni wachache wanaoliuliza. Video isizidi dakika mbili, ipigwe kutoka mbele, na kila stanti ionekane hadi flaya anaposhuka. Kocha anayetafuta beisi hatazami kilele. Anatazama unavyodaka, kwa hiyo usikate sehemu hiyo, hata kama mdako mmoja ulikuwa na purukushani, ili mradi flaya hakufika chini.