Anzia nyuma ya picha

Insha yangu ya kwanza kuhusu picha ya Ginevra de' Benci, binti wa Florence aliyechorwa na Leonardo da Vinci, ilirudi na wino mwekundu. Nilikuwa nimejaza kurasa mbili nikieleza huzuni ya macho yake: kaozeshwa kwa mtu asiyempenda, moyo umevunjika. Pembeni mwalimu aliandika neno moja tu: "Umejuaje?" Sikuwa na jibu.

Ninyi mnaoanza kuandika kuhusu picha mtatamani kufanya vivyo hivyo, maana uso wa binti huyu unavuta. Siku hizi mimi naanzia nyuma. Leonardo alipaka rangi pande zote mbili za ubao wa picha hiyo, miaka ya 1470. Huko nyuma kuna tawi la loreli na la mtende, na katikati kijitawi cha juniperi, mti wa jamii moja na mtarakwa wetu. Kwa Kiitaliano huitwa ginepro. Tamka Ginevra, kisha ginepro, na utani wa mchoraji unausikia. Kile kichaka cheusi nyuma ya kichwa chake, upande wa mbele, nacho ni juniperi.

Matawi hayo yamefungwa utepe wenye Kilatini: Virtutem forma decorat. Hapa wengi huteleza kwa kufuata mpangilio wa maneno, wakaandika kwamba wema hupamba uzuri. Tazameni mwisho wa virtutem: hiyo -em yaonyesha kwamba wema ndio unaopambwa, na uzuri (forma) ndio unaoupamba. Tena miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, ilifichua maneno ya awali chini yake, Virtus et honor (wema na heshima), kaulimbiu ya Bernardo Bembo, balozi wa Venice mjini Florence. Loreli na mtende pia ni alama zake. Basi picha niliyoifanya kilio cha ndoa (Ginevra aliolewa na Luigi Niccolini mwaka 1474, akiwa na miaka 16) huenda iliagizwa na mwanamume mwingine kabisa. Wataalamu bado wanabishana.

Hana kidani, lakini msiandike fukara. Kwao walikuwa watu wa benki. Mikono yake nayo haionekani, lakini msiandike kwamba Leonardo aliificha kwa makusudi. Matawi ya nyuma yamekatika chini, maana ubao wenyewe ulikatwa.

Mkijaliwa kufika National Gallery of Art, Washington, mtaikuta imewekwa mahali pa kuzungukika. Watu hujazana mbele. Nyuma kuna nafasi.