Kabla hujanunua spika mpya, sikiliza kelele yenyewe

Ndani ya mwaka mmoja nilinunua jozi tatu za spika za gari, na zote zilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa boliti moja iliyopakwa rangi.

Gari langu ni mtumba wa Japani, kama mengi ya hapa Dar. Nilitoa redio iliyokuja nayo nikaweka ya skrini, nikafunga spika mpya, na amplifaya na sabufa kwenye buti. Siku tatu nilifaidi. Ya nne, niko kwenye foleni ya Kimara, nikasikia mluzi mwembamba nyuma ya muziki, kama mbu yuko sikioni. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Fundi aliyenifungia akaniambia spika ni feki. Nikanunua nyingine. Mbu yuleyule. Nikanunua tena, za bei mbaya. Mbu yupo.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini usiutafute kwenye spika. Huo ni wa alteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri. Umeme wake haujanyooka sawasawa, una mawimbi madogo madogo, na ethi (waya mweusi unaofungwa kwenye chuma cha bodi) ikiwa mbovu mawimbi hayo yanapata njia ya kuingia kwenye sauti. Mzee mmoja wa Gerezani ndiye aliyenionyesha. Hakugusa redio. Alifungua buti, akafuata waya mweusi wa amplifaya mpaka mwisho wake, akakuta umebanwa kwenye boliti juu ya rangi ya bodi. Rangi haipitishi umeme! Akachukua msasa, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akaufupisha ule waya ukabaki chini ya nusu mita, akakaza. Mluzi ukapungua, haukuisha. Akainua kapeti: zile nyaya za ncha nyekundu na nyeupe zitokazo kwenye redio zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu na waya mnene wa betri. Akazihamishia upande wa pili wa gari. Kimya.

Kwa hiyo nikisikia mluzi siku hizi, kwanza nazima injini na kuiacha redio iwake. Ukipotea, hapo ni alteneta na ethi. Kisha nawasha injini na kushusha sauti mpaka sifuri. Mluzi ukibaki palepale, unaingia baada ya redio, yaani kwenye amplifaya au zile nyaya zake. Ukishuka pamoja na sauti, unaingia kabla haujafika kwenye kitufe cha sauti cha redio, na mara nyingi mchawi ni simu iliyounganishwa kwa waya wa AUX huku inachajiwa kwenye kiberiti cha gari. Chomoa chaja usikie. Chaja za bei rahisi zinavuruga hata FM.

Besi kupotea ni habari nyingine, na inadanganya watu wengi. Umefunga spika mpya mbele, sauti ipo, lakini ni nyembamba kama ya redio ya mfukoni. Peleka balansi yote kushoto, kisha yote kulia. Ikiwa upande mmoja peke yake una besi nzuri kuliko zote mbili zikipiga pamoja, basi spika moja chanya na hasi zimepishana. Moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Huhitaji kipimo: chomoa nyaya za spika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 mara moja tu, chanya kwa chanya. Karatasi ya spika (ile sehemu inayotikisika) ikiruka nje, hapo ni sawa. Ikirudi ndani, alama zimegeuzwa.

Sauti inayokatika ukifungua au kufunga mlango, angalia nyaya zinazopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi. Zinakunjwa kila siku, mwisho zinakatika ndani kwa ndani huku ganda la nje likiwa zima.

Kukoroma ukipandisha sauti, hapo ndipo spika inaweza kweli kuwa imekwisha. Sukuma karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia inakwaruza, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) imeungua. Kwa mita ya umeme, spika ya omu 4 iliyochomolewa husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Ila kabla ya kuilaumu, shusha besi na usivuke robo tatu ya sauti. Yale maandishi ya "wati 50 x 4" kwenye boksi la redio msiyaamini jamani. Redio isiyo na amplifaya hutoa kama wati 20 hivi kwa kila spika, ukiilazimisha zaidi inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zinapokufa.

Neno moja kwa ambao bado wanatumia redio ya Kijapani iliyokuja na gari. FM yao inaanzia 76 na zamani iliishia 90, yetu inafika 108. Ndiyo maana unafungiwa kile kidude kati ya antena na redio, ekspanda. Kama kinashusha kwa 12, kituo cha 101 unakipata kwenye 89, na kama kuna kituo halisi cha 89 hapo mjini, viwili vinagombana. Hiyo siyo spika, na hakuna fundi atakayeitibu kwa kubadilisha spika. Badilisha redio. Na ukibadilisha, hakikisha waya wa bluu wa antena umeunganishwa, maana kwenye magari mengi antena ina kiamplifaya chake kinachohitaji umeme; ukiachwa unaning'inia, redio mpya itashika vituo vibaya kuliko ya zamani.

Jozi mbili za zile spika zangu bado zipo, moja stoo, moja nilimpa shemeji. Wiki iliyopita kanipigia analalamika: spika ulizonipa mbovu, zinapiga mluzi nikikanyaga mafuta. Nimemwambia anisubiri Jumamosi, nakuja na msasa.