Kuhusu kamera ya kupigia harusi kwenye mvua

Mkuu, muuzaji akikwambia hiyo kamera unayotaka kununua haiingii maji hata masika usimkubalie hivihivi, kampuni nyingi zinaandika tu inahimili hali ya hewa bila kutaja kipimo chochote. Kamera ya OM System OM-1 ya 2022 wametaja, IP53, yaani kipimo cha kuzuia vumbi na maji, na hapo ni maji ya kurushiwa sio kutumbukiza, tena lenzi nayo lazima iwe imezibwa, ile yenye raba pale inapoingilia kwenye bodi, bila hiyo kazi bure. Kagua raba za mlango wa betri na memori kadi, ikiwa imekaa upande au kuna uwazi irudishe sikuhiyohiyo usione aibu. Waranti nayo isome, maji mara nyingi hayamo, kwahiyo beba kava la mvua na taulo kavu.