Maswali na majibu: Somo la dini katika darasa la imani nyingi

Barua nilizopokea safari hii zimetoka Kisumu, Vihiga, Mumias na Nakuru, na zote zinamhusu mtoto ambaye imani ya nyumbani kwao si ile ya wengi darasani.

Ninafundisha Gredi ya 5 katika shule ya umma mjini Kisumu. Nina Waislamu wachache, nasi hatuna mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kipindi cha dini kikifika, watoto hao hutoka nje na kukaa chini ya mwembe mpaka kiishe. Nifanye nini?

Kwanza, mwalimu, waondoe chini ya huo mwembe. Mtoto anayetolewa nje kila kipindi hujifunza kwamba shule si yake, na akipatwa na jambo huko nje, atakayeulizwa ni wewe uliyekuwa na darasa saa hiyo. Mtaala wetu unatambua masomo matatu ya dini, yaani ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Kwa hiyo wanachokosa watoto hawa si somo bali ni mwalimu, na upungufu huo mara nyingi unaweza kupunguzwa kwa ratiba. Mwombe mwalimu mkuu apange kipindi cha dini cha Gredi ya 4, 5 na 6 kiwe saa ileile, ili Waislamu wa madarasa yote matatu wakusanyike katika chumba kimoja. Wakishakuwa kundi, bodi ya shule itakuwa na sababu ya kuwatafutia mwalimu, hata kama ni wa kuazima kutoka shule jirani.

Ikiwa atakayepatikana ni maalimu wa madrasa, apokelewe kwa barua, afanye kazi chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu, na afuate mtaala. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu wapo walimu wakuu wanaodhani kwamba mtoto akishakwenda madrasa Jumamosi, somo la shule amelimaliza. Madrasa humlea mtoto katika kuisoma na kuihifadhi Kurani, ilhali somo la shule lina mada na tathmini zake, na bila hizo ripoti ya muhula hubaki na nafasi tupu. Wakati mnatafuta, watoto wabaki darasani na kitabu chao cha Dini ya Kiislamu na kazi uliyowaandalia. Haitoshi, lakini ni afadhali kuliko mwembe.

Sisi ni waumini wa Kanisa la Marafiki, Vihiga. Mwanangu amerudi nyumbani akiuliza kama yeye ni Mkristo kweli, kwa kuwa mwalimu amewaambia kwamba asiyebatizwa kwa maji si Mkristo.

Tukitaja shule ya imani nyingi, mawazo yetu hukimbilia Waislamu na Wahindu, kumbe huku kwetu tofauti nyingi zaidi zimo ndani ya darasa lilelile la Elimu ya Dini ya Kikristo. Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902, nao hawabatizi kwa maji wala hawana ibada ya mkate na divai. Jeshi la Wokovu ni vivyo hivyo. Wasabato huabudu Jumamosi. Legio Maria ilichipuka kutoka Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kabla ya hapo Johana Owalo alikuwa ameanzisha kanisa la Nomiya, ambalo huwatahiri wavulana wake. Watoto wa makanisa haya wanaweza kuketi kwenye dawati moja.

Mzazi mwenzangu, muone mwalimu huyo kabla ya kwenda kwa mwalimu mkuu, kwa sababu huenda alisema tu alivyofundishwa kanisani kwake bila kukusudia kumuumiza mtoto. Naye mwalimu atakuwa salama akifundisha habari ya Yesu kubatizwa katika mto Yordani kama Injili inavyoisimulia, kisha aeleze kwamba makanisa hayana desturi moja kuhusu ubatizo. Kuamua ni lipi lililo sahihi ni kazi ya mimbari.

Je, mtoto Mwislamu anaweza kusoma Elimu ya Dini ya Kikristo?

Anaweza, mzazi akiamua hivyo kwa hiari, na ni vizuri uamuzi huo uwe kwa maandishi. Kumwingiza humo kwa sababu tu mwalimu wa dini yake hayupo si hiari.

Darasani kwangu, Mumias, mtoto aliuliza kwa nini Waislamu hawali nguruwe, na wenzake wakacheka. Nilibadilisha mada. Nilipaswa kujibu?

Ndiyo, na kwa sentensi chache. Waislamu huamini kwamba Mwenyezi Mungu ameikataza nyama hiyo katika Kurani, na Wasabato nao hawaili kwa kufuata kitabu cha Walawi. Ukilisema hilo la pili, kicheko kitapungua, maana baadhi ya waliocheka huenda ni Wasabato. Usimsimamishe mtoto Mwislamu ajibu kwa niaba ya dini nzima. Huenda yeye mwenyewe hajui.

Shule yetu ya umma huko Nakuru inafadhiliwa na kanisa. Mwanangu ni Mhindu, naye analazimishwa kupiga magoti na kusali pamoja na wengine. Je, kanisa lina haki hiyo?

Halina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili nafasi ya kuendeleza malezi ya kiroho shuleni, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Katiba nayo, katika kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kufanya tendo linalokwenda kinyume na imani yake. Mtoto anaweza kuwepo gwarideni na kusimama kimya kwa heshima bila kupiga magoti wala kutamka sala. Mwandikie mwalimu mkuu, nakala uipeleke kwa mwenyekiti wa bodi, na usipojibiwa, ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ndiyo hatua inayofuata. Barua iwe fupi, na isilitukane kanisa. Huenda ndilo lililojenga darasa analosomea mwanao.