Filamu fupi ya imani: anzieni pale ambapo mhusika bado hajajibiwa

Mleta uzi, nimesoma maelezo yako yote. Mko vijana wanne wa usharika mmoja Morogoro, mna kamera ya kuazima na shilingi milioni 1.5 za michango, na mnataka filamu ya dakika kumi na tano itakayomgusa hata mtu asiyeingia kanisani. Wachangiaji waliotangulia wamekushauri ununue lenzi, mwingine kasema ukodi droni. Mimi nimeongoza na kuhariri filamu fupi za namna hii kwa miaka kadhaa, nyingi Dar na Tanga, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Hela yenu inatosha. Kitakachoamua ni hadithi, na hapo nitakaa zaidi.

Sisi tuliokulia kanisani tumejifunza kusimulia kwa kusikiliza ushuhuda. Mtu anapita mbele, anashika maiki, anasema "Bwana Yesu asifiwe", halafu anaeleza alivyoteseka hadi Mungu akamtoa. Tangu sentensi ya kwanza tunajua alitoka, maana yuko pale mbele yetu mzima. Kwenye ibada hilo ni jema, kasimama kushukuru. Kwenye filamu linaua. Mtazamaji akishahisi kwamba muujiza unakuja dakika ya kumi na nne, haoni sababu ya kuhangaika na mhusika wako, anakaa anausubiri. Andikeni kutokea pale ambapo mhusika bado hajui. Kaomba, kimya. Asubuhi mwenye nyumba kagonga tena mlango. Na katika hali hiyohiyo kuna jambo lazima aliamue leo. Atakavyoamua ndivyo tutakavyoiona imani yake.

Nikupe mfano. Filamu ninayoipenda kuliko zote tulizofanya inamhusu mama mmoja, mhazini wa kikundi cha wanawake. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, kama mnavyojua vikoba vilivyo. Lakini wiki hiyo kuna wanawake waliochelewa, wakampa michango yao mkononi, naye kaifunga kwenye pindo la kanga hadi Jumapili. Usiku mtoto anazidiwa. Anafika zahanati, anasimama mbele ya dirisha la malipo. Anafungua pindo, anahesabu noti, mpokea fedha anamtazama. Kisha anazikunja na kulifunga tena lile fundo. Hapo skripti ilikuwa na mchungaji anayeingia na hotuba ya ukurasa mzima. Tuliitoa yote. Mama anatoka nje na kumpigia simu mwenyekiti wake, mwanamke ambaye siku zote amekuwa akimficha kwamba hana kitu nyumbani. Anamwambia ukweli. Filamu inaishia mwenyekiti anapowasha taa na kutafuta viatu.

Aliyeigiza nafasi ile alikuwa Mwislamu, mama wa Tanga mwenye uzoefu wa maigizo ya redio. Fundo lile alilivuta kwa meno. Hatukumwelekeza, na wanawake waliokuja kutazama walilitaja kuliko maneno yote ya filamu. Kwa hiyo usibague waigizaji kwa dini zao. Mweleze mtu hadithi, muulize kama yuko radhi nayo, akikubali mwamini.

Tulipoionyesha uwanjani kwa kanisa, kwa projekta na shuka jeupe, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza, "Sasa mtoto alipona?" Mama mmoja nyuma akajibu kwamba yeye angetaka kujua kwanza kwa nini yule mhazini aliogopa kusema muda wote huo, maana hata yeye anaogopa. Mazungumzo yakahamia hapo, wanawake wakaanza kutajana waliyoyaficha. Walibishana hadi mwenye projekta akaanza kukunja nyaya. Nimeshaona filamu zenye mahubiri mazuri sana zikiisha, watu wakapiga makofi na kwenda nyumbani.

Jambo jingine ninalokuomba kwa dhati: muacheni yule mganga wa kitambaa chekundu na kibuyu, na mchungaji anayeingia mwishoni kukemea pepo, mambo yote yakaisha. Tumeyaona tangu Bongo Movie ianze kuuzwa kwenye kanda. Kama uchawi unakusumbua kama mada, na una haki ya kukusumbua, uuguse pale unapouma kweli. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa miaka mingi jikoni. Mkristo anayemficha bibi wa jirani ndani kwake huku wenzake wa jumuiya wakiwa miongoni mwa wanaomtafuta, hiyo ni filamu ya imani, na inaweza kufanyika kwenye nyumba moja na waigizaji watano.

Wanaosema kazi ya dini lazima iwe na mtaji mkubwa watazame wenzetu. Nigeria, Mike Bamiloye alianza na kundi la maigizo la huduma ya Mount Zion mwaka 1985, jukwaani, kabla ya video. Marekani, ndugu wawili wa familia ya Kendrick walianza na filamu ya dola 20,000 iliyotoka 2003, chini ya kanisa lao la Sherwood mjini Albany, Georgia, waumini wenyewe wakiwa waigizaji. Na mfululizo wa The Chosen, unaosimulia maisha ya Yesu, ulichipuka kutoka filamu fupi ambayo Dallas Jenkins aliipigia picha shambani kwa rafiki yake, Illinois, kwa ajili ya ibada ya Krismasi ya kanisa lake mwaka 2017. Ilisimulia kuzaliwa kwa Yesu kwa macho ya mchunga kondoo kilema. Watu waliipenda kiasi kwamba walichangia zaidi ya dola milioni 10 kutengeneza msimu wa kwanza. Angalia alikokaa msimulizi: kwa mtu ambaye bado hajui usiku ule ni usiku gani.

Kuna aliyeuliza humu kama vijana wa madrasa nao wanaweza kutengeneza filamu ya visa vya Mitume. Wapo waliopita njia hiyo. Moustapha Akkad alitengeneza filamu ya The Message mwaka 1976 bila Mtume (S.A.W.) kuonekana wala kusikika. Hadithi iko mabegani mwa waliomzunguka, hasa Hamza, ami yake, na alipiga picha toleo la Kiarabu na la Kiingereza kwa waigizaji tofauti. Shaurianeni na shehe wenu kabla ya kuandika. Mkishajua mpaka uko wapi, kazi ya kutafuta jicho la pembeni inaanza, na mara nyingi jicho hilo ndilo linaloona vizuri.

Sasa vitendo, kwa haraka.

Kamera ya kuazima inatosha, hata simu nzuri inatosha. Fedha ya lenzi ipelekeni kwenye sauti: maiki ya kubana kwenye nguo, nyingine ya kushika na fimbo, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuvaa hedifoni tu. Picha yenye giza kidogo mtazamaji ataivumilia, maneno yasiyosikika hatayavumilia. Nendeni lokesheni siku moja kabla, saa ileile mtakayopiga picha, mkae kimya msikilize. Mtasikia bodaboda, kunguru, mashine ya kusaga, redio ya jirani. Jumamosi kuna matarumbeta ya harusi. Adhana ikianza, simamisheni kazi mpaka iishe, kwa heshima na pia kwa sababu sauti hiyo haitakatika vizuri mkihariri. Friji izimwe, na ufunguo wa gari uweke humohumo ndani ya friji ili msiondoke bila kuiwasha tena. Mkimaliza kila chumba, rekodini dakika moja ya ukimya wake, mhariri ataihitaji. Kwa kuhariri, programu ya DaVinci Resolve ina toleo la bure na linafaa kabisa.

Karibu nusu ya ile milioni na nusu iende kwenye chakula na nauli. Watu wanakuja kujitolea, lakini kujitolea kwa njaa kunaishia saa nane mchana. Hata wanaojitolea waandikishane nanyi karatasi kwamba wameridhia sura na sauti zao zitumike. Na kama hadithi inatokana na ushuhuda wa muumini, mfuateni nyumbani, mumsomee skripti, awe na haki ya kusema hapana. Alisema mbele ya usharika wake, hakusema mbele ya nchi nzima.

Kibali ni lazima. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inakutaka upate kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha, na filamu ikaguliwe na kupewa daraja kabla ya kuonyeshwa. Barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa pia iwe mfukoni. Msimvishe mtu sare za polisi au jeshi bila ruhusa.

Muziki ndipo wengi wa kanisani wanapojisahau, wakidhani wimbo wa injili ni wa wote. Rekodi ya kwaya ni mali ya kwaya, inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na YouTube nao wana mfumo unaotambua wimbo na kuwapa wenyewe mapato au kuizuia video yako. Tafuteni wimbo wa zamani wa Tenzi ambao muda wake wa hakimiliki umekwisha, wanakwaya wenu wauimbe upya, mrekodi wenyewe. Sauti nne bila kinanda zinatosha sana.

Mkimaliza, msikimbilie kuipandisha mtandaoni siku hiyohiyo. Matamasha kadhaa hayapendi filamu iliyokwisha kuonekana huko. Wekeni manukuu ya Kiingereza na muipeleke ZIFF, tamasha la filamu linalofanyika Zanzibar tangu 1998. Msidhani kwamba Mji Mkongwe hapana nafasi ya filamu ya Kikristo: SIGNIS, chama cha Wakatoliki cha mawasiliano, wamewahi kuwa na jopo lao la majaji palepale. Kwingine kote, onyesheni ninyi wenyewe, kwenye sharika, mashuleni, na baada ya kila onyesho mtenge muda wa watu kusema.

Skripti mkishaiandika, weka hapa kurasa tatu za mwanzo. Nitazisoma na kukuandikia ninavyoona, na naamini wadau wengine wa humu nao watafanya hivyo.