Kushusha imeli kutoka seva hadi diski: ihifadhi ilivyo, uchambuzi utakuja baadaye

Kama una kazi ya kutoa imeli kwenye seva na kuziweka kwenye diski kwa skripti, ushauri wangu mkubwa nautoa hapa hapa mwanzoni: shusha meseji nzima kama seva inavyokupa, baiti kwa baiti, iandike kwenye faili la .eml alafu achana nayo. Usianze kutoa sabjekti, usianze kung'oa viambatisho, usiigeuze PDF wakati bado unashusha. Hayo yote yafanye ukiwa na nakala yako mkononi, maana uchambuzi ukigoma unarudia tu kwenye diski, ila kama ulihifadhi maandishi na viambatisho peke yake na akaunti imeshafungwa, basi hedaa (mistari ya juu ya meseji inayosema imetoka kwa nani, lini na imepita wapi) zimepotea, saini za DKIM zinazothibitisha domeni iliyoituma zimepotea, na hakuna wa kukurudishia.

Nimeshafanya hii kazi kwa maboksi ya watu binafsi na ya ofisi, na skripti ninayotumia ni fupi tu, lugha ya Python na imaplib, maktaba yake ya IMAP ambayo inakuja nayo yenyewe, kwaiyo hakuna cha kuinstoli.

Itifaki, yani lugha ya kuongea na seva ya imeli, nisikuchoshe, ziko mbili, POP3 na IMAP. POP3 ni rahisi ila inaona inbox tu, folda zingine kwake hazipo. Tumia IMAP, poti 993, yenye TLS (usimbaji wa mawasiliano) tangu mwanzo wa muunganisho. Paswedi isikae ndani ya kodi, skripti iisome kutoka nje ikianza. Na kama seva inakukatalia wakati una uhakika paswedi ni sahihi, usihangaike na kodi kwanza: Microsoft walianza kuzima paswedi za kawaida kwenye Exchange Online, huduma yao ya imeli za ofisi, Oktoba 2022, na Gmail inataka OAuth2 (kuingia kwa kibali badala ya paswedi) au paswedi maalumu ya programu, ambayo huipati mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Mifano mingi utakayokuta mtandaoni inachukua meseji kwa kuiomba seva kitu kinachoitwa RFC822, yani meseji nzima, na inafanya kazi vizuri kabisa, shida ni kwamba ukiomba hivyo seva inaiwekea meseji alama ya kusomwa. Yani unamaliza kushusha, mwenye boksi anafungua asubuhi na kila kitu kimeshasomwa, na watu wengi wanatumia zile ambazo hazijasomwa kama orodha ya kazi zao, umewafutia na hakuna namna rahisi ya kuirudisha. Omba `BODY.PEEK[]`, inakupa meseji ile ile bila kugusa alama. Alafu folda yenyewe ifungue kwa `select('INBOX', readonly=True)`, hapo imaplib inatuma amri ya EXAMINE (kusoma tu) badala ya SELECT na seva haitakubali mabadiliko hata kodi yako ikiteleza. Weka vyote viwili. Boksi la mtu ni la mtu, skripti ya kuhifadhi haina ruhusa ya kubadilisha chochote mle ndani.

Kingine ni namba. IMAP ina namba za aina mbili, kuna ile ya mpangilio, 1, 2, 3, ambayo inasogea meseji ya juu ikifutwa, na kuna UID ambayo imeganda na meseji yake. Tumia UID siku zote, `M.uid('search', None, 'ALL')` na kwenye kuchukua pia `M.uid('fetch', ...)`. UID nayo ina mwenzake anaitwa UIDVALIDITY, ni namba ya folda, na ikibadilika maana yake UID zote za zamani za folda ile hazina thamani tena. Ndo maana mafaili yangu yanaitwa hivi: `INBOX/1523987001-48213.eml`, ya kwanza UIDVALIDITY, ya pili UID. Si jina la kupendeza, najua kila mtu anataka sabjekti iwe jina la faili, ila sabjekti ina mikwaju na nukta pacha, nyingine inakuja imefungwa kama `=?UTF-8?B?...`, nyingine inapita baiti 255 ambazo mifumo mingi ya mafaili ndo inaishia hapo, na mazungumzo marefu yana meseji ishirini zenye sabjekti moja, kila moja itaifuta iliyotangulia. Ukitaka kutafuta kwa sabjekti au tarehe, tengeneza faharasa ya SQLite (hifadhidata ndogo ya faili moja) baadaye kutoka kwenye mafaili yale yale.

Kuandika, fungua faili kwa `'wb'` (baiti), sio `'w'` (maandishi). Imeli ni baiti, na zipo zinazosema ni UTF-8 wakati ndani ni ISO-8859-1, ukijaribu kuzifanya maandishi skripti inaangukia katikati ya usiku kwa sababu ya herufi moja. Andika kwanza kwenye jina la muda linaloishia .tmp, ikikamilika ndo `os.replace` kwenda jina halisi. Kwa njia hiyo faili lenye jina halisi limekamilika, na skripti ikikatika unaiwasha tena, inaruka yaliyopo na kuendelea. Maildir, muundo wa Daniel J. Bernstein wa kuhifadhi imeli, inafanya hivyo hivyo, kutoka tmp kwenda new. Mbox siipendi kwa hii kazi, kila kitu kwenye faili moja alafu mistari inayoanza na `From ` inaongezewa alama ya `>` mbele, yani meseji inabadilishwa.

Jibu la fetch nalo liangalie vizuri. Ni orodha yenye tapo moja (tuple ya Python, ndo inayobeba meseji) na kipande `b')'`, na seva inaweza kuchomeka taarifa ya alama katikati, kwaiyo usichukue `data[0][1]` kwa imani, pitia orodha uchukue kile ambacho ni tapo.

Boksi likiwa kubwa sana, search ya ALL inaweza kurudisha mstari mrefu kupita baiti 1,000,000 na imaplib inakataa, gawanya kwa masafa ya UID. Gmail ina kikomo cha kushusha MB 2500 kwa siku kwa IMAP, panga siku zako. Na huko leboli zinaonekana kama folda, meseji yenye leboli kadhaa unaweza kuishusha hata mara nne, kwaiyo chukua folda yenye alama `\All` kwenye jibu la LIST (amri ya kuorodhesha folda) badala ya kutegemea jina lake, maana jina linafuata lugha ya akaunti. Spamu na takataka hazimo humo, zifuate zenyewe kama unazihitaji.

Ukimaliza linganisha idadi ya mafaili na idadi ya UID kwenye kila folda, alafu ukubwa wa faili na RFC822.SIZE, yani ukubwa ambao seva inasema meseji inao. Baadhi ya seva zinatoa makadirio, tofauti ndogo isikutishe, ila faili la baiti sifuri lifute ulishushe upya. Funga folda kwa chmod 700 (mwenye folda peke yake ndo anaingia) na iwe kwenye diski iliyosimbwa, humo kuna viungo vya kubadilisha paswedi, mikataba na mambo ya watu, na mpaka ulinganisho utoke sawa usimruhusu mtu afunge ile akaunti.